Mabeseni Mawili Ukutani: Tathmini ya Mchoro wa Kazi za Wanawake wa Parokia

Ukuta wa ukumbi wa parokia yetu, ule unaotazama njia ya kwenda kanisani, una urefu wa mita 14 na kimo cha mita 3, na kwa miaka yote niliyoufahamu haukuwa na kitu zaidi ya chokaa iliyochakaa na ubao wa ratiba ya misa. Sasa umejaa mchoro mmoja mkubwa, kazi ya kikundi cha wachoraji wanne walioombwa na halmashauri ya walei wachore kazi za wanawake wa kijijini ambazo kila mtu anazitegemea na karibu hakuna anayezitaja. Nimeupita mchoro huo karibu kila siku kwa muda wa miezi minane, juani na mvuani, na nimeketi chini yake mara nyingi nikisubiri mikutano ianze, kwa hiyo ninachoandika hapa si msisimko wa siku ya uzinduzi. Ninawaandikia hasa wanaparokia na vikundi vya akina mama wanaofikiria kuagiza kazi ya namna hii, kwa sababu sisi tulipotafuta maelezo ya mtu aliyewahi kuagiza hatukuyapata kwa Kiswahili.

Nianze na jambo lililowafanya wachoraji hawa wastahili malipo yao, nalo lilitokea kabla hawajagusa brashi. Jioni ya kwanza waliyoketi na wanawake ukumbini, waliuliza swali ambalo hata mimi ningeliuliza: akina mama, ninyi mnafanya kazi gani hapa parokiani na huko nyumbani? Wakajibiwa kama swali hilo linavyojibiwa siku zote, kwamba hatufanyi kazi, sisi tuko nyumbani tu. Mmoja wao, ambaye ameosha na kuvalisha marehemu wengi kuliko ninavyoweza kuwahesabu, alisema kuwa yeye huwa anasaidiasaidia pale anapoitwa. Kiongozi wa wachoraji, ambaye naye ni mwanamke, hakubishana nao wala hakuwahutubia juu ya thamani yao. Aliwaomba tu kwamba jioni inayofuata kila mmoja aje na kitu kimoja anachokishika kila siku, kitu ambacho kikipotea nyumba nzima itasikia akikitafuta.

Jioni ya pili meza ilijaa. Lilikuwapo fagio lililolika upande mmoja kwa sababu mwenye nalo hufagia akiinamia kulia. Palikuwa na beseni lenye kiraka, kibweta cha sindano, pasi nzito ya chuma, daftari la michango ya wagonjwa lililovalishwa jalada la kitambaa, na ufunguo wa sakristia, chumba cha kutunzia vifaa vya misa, uliofungwa kwenye utepe uliopoteza rangi. Wanawake walioshindwa kusema chochote juu ya kazi zao walizungumza kwa zaidi ya saa tatu juu ya vitu hivyo: nani alikitumia kabla yao, kiliharibikaje, kinauma wapi mkononi. Wachoraji walichora vitu hivyo kwa penseli palepale mezani, na mchoro wote wa ukutani ulizaliwa kutokana na karatasi za jioni ile.

Nilipoitazama meza nilimkumbuka Tabita wa Yafa, anayesimuliwa katika sura ya 9 ya Matendo ya Mitume. Alipokufa na Petro akaitwa, wajane walisimama karibu naye wakilia na kumwonyesha kanzu na mavazi ambayo Tabita alikuwa akiyatengeneza alipokuwa pamoja nao. Nguo zenyewe ndizo zilizomweleza mtume mwanamke huyo alikuwa nani. Ninaamini kwamba mchoro unaokusudia kuwaenzi wanawake kwa kazi zisizoonekana hauna budi kufanya kama wale wajane, yaani uonyeshe kazi yenyewe, kwa kifaa chake na kwa mikono inayokishika, na kwa kipimo hicho ndipo ninaupima ukuta wetu.

Mpangilio wa mchoro ni wa akili sana. Mtu anayekwenda misani huupita kutoka kushoto kwenda kulia, na wachoraji waliipanga siku nzima kufuata hatua zake: kushoto kabisa ni giza la alfajiri, ambapo mwanamke amepiga magoti akipuliza moto na mwanga pekee ni ule unaomwangaza kidevu, na kulia kabisa, karibu na kona ya kuelekea mlango wa kanisa, ni usiku tena. Katikati ya giza hizo mbili yamo maji yanayobebwa, kanisa linalofagiliwa kabla watu hawajafika, watoto wanaofundishwa katekisimu chini ya mti, maua yanayokatwa, na mgonjwa anayegeuzwa kitandani na wanawake wawili. Padre anaonekana mara moja tu, mbali, akiwa ametupa mgongo na altare ikiwa tayari imetandikwa. Wapo wazee waliolalamikia jambo hilo, na ninawaheshimu, lakini ukutani padre hakudharauliwa: anaonyeshwa akifika mahali palipokwisha kuandaliwa, na ndivyo ilivyo kila Jumapili.

Sehemu ninayoipenda kuliko zote haizidi upana wa mita moja na nusu, na huenda mgeni akaipita bila kuiona. Inaonyesha ufuaji wa vitambaa vya altare. Kwa asiyejua, korporale ni kitambaa kinachotandikwa altareni chini ya kalisi (kikombe cha divai) na patena (kisahani cha hostia), na purifikatori ndicho kitambaa cha kufutia kalisi. Vyote viwili huweza kubaki na chembe ya hostia au tone la divai iliyokwisha kuwekwa wakfu. Kwa sababu hiyo haviingizwi kwenye sabuni moja kwa moja. Hulowekwa kwanza katika maji matupu, na maji hayo ya kwanza humwagwa katika sakrario, yaani sinki maalumu la sakristia ambalo bomba lake huingia moja kwa moja ardhini, au pale pasipo na sinki hilo, humwagwa juu ya udongo. Ndipo vitambaa hufuliwa, hupigwa pasi, na korporale hukunjwa sehemu tatu kwa marefu na sehemu tatu kwa mapana, ili padre akiikunjua ionekane miraba tisa.

Mama yangu ameifanya kazi hiyo kwa miaka 27. Wachoraji walipomaliza sehemu hiyo kwa mara ya kwanza, walikuwa wamechora mwanamke mwenye beseni moja lililojaa povu, picha nzuri yenye mwanga mzuri. Mama alisimama mbele yake kwa muda mrefu, kisha akaniambia kwa sauti ya chini, "Mwanangu, hapa wamechora kufua nguo. Mabeseni ni mawili." Nilitaka kunyamaza ili nisiwasumbue watu waliokwisha kukausha rangi, lakini yeye mwenyewe akamwendea kiongozi wao na kumweleza. Kesho yake asubuhi povu lilikuwa limefutwa. Sasa yapo mabeseni mawili, moja la maji matupu ambayo unaiona sakafu ya beseni kupitia kwake, na mwanamke ameinama akilimimina polepole kwenye shina la mwaridi. Uso wake hauonekani, kwa kuwa mama aliukataa. Alikubali mikono yake tu, na kidole gumba cha kulia kimepinda ukutani kama kilivyopinda chenyewe.

Siwezi kueleza kwa urahisi tofauti ambayo beseni la pili limeleta. Povu lilimwonyesha mwanamke mchapakazi, ambaye tumeshamwona katika mabango mengi. Beseni la maji matupu linamwonyesha mtu mwenye elimu, anayejua kwa nini anafanya anachofanya na anayeifanya ibada yake pale ambapo hakuna anayetazama. Watoto wa komunyo ya kwanza sasa huletwa mbele ya sehemu hiyo na katekista wao, na yeye huwauliza kwa nini mabeseni ni mawili.

Sehemu ya mwisho, ile ya usiku, nayo haina makosa. Mwanamke ameketi kwenye kiti kidogo kando ya kitanda, taa iko chini miguuni pake ili isimwumize mgonjwa macho, rozari imelala mapajani bila kushikwa kwa kuwa mikono yote miwili imeushika mkono wa mgonjwa. Kitanda kimekatwa na kona ya ukuta, hivi kwamba huwezi kujua anayeumwa ni nani. Nimewaona watu wawili kwa nyakati tofauti wakisimama hapo na kuvua kofia.

Ukuta wenyewe hauna takwimu, na ni vizuri kwamba hauna, ila siku ya uzinduzi katibu wa akina mama alisoma chache ambazo zilitusaidia kuona ukubwa wa kinachochorwa. Shirika la Kazi Duniani lilikadiria mwaka 2018 kwamba, katika nchi 64 zenye takwimu, saa bilioni 16.4 hutumika kila siku katika kazi za matunzo zisizolipwa, kiasi kilicho sawa na watu bilioni 2 wakifanya kazi saa 8 kwa siku bila ujira, na kwamba asilimia 76.2 ya saa hizo hutolewa na wanawake. Uzinduzi ulikuwa tarehe 15 Oktoba, ambayo ni Siku ya Kimataifa ya Wanawake wa Vijijini, iliyoadhimishwa kwa mara ya kwanza mwaka 2008, na pia ni sikukuu ya Mtakatifu Teresa wa Avila, Mwalimu wa Kanisa tangu 1970, ambaye aliwafundisha masista wake kwamba Bwana hutembea hata kati ya vyungu vya jikoni. Mtu akitafuta tarehe ya kubariki mchoro kama huu, hataipata iliyo bora kuliko hiyo.

Sasa nije kwenye kasoro, kwa sababu zipo, na moja iko katikati kabisa ya ukuta. Hapo wachoraji wameweka uso mkubwa wa mwanamke, karibu mita 2 kutoka kidevu hadi kilemba, nyuma yake duara la rangi ya dhahabu, macho yameinuliwa juu, midomo inatabasamu, na mikono miwili safi imefunguliwa bila kitu. Ndiyo sehemu inayopigwa picha kuliko zote, na kwangu ndiyo dhaifu kuliko zote. Mwanamke huyo hakuwa kwenye ile meza ya jioni ya pili. Hachoki, hana umri, hana alama ya kazi popote mwilini mwake, na kwa kumvika mwanga wa watakatifu wachoraji wameyajibu kwa niaba yetu maswali ambayo ukuta uliobaki unayauliza. Mwanamke akishafanywa mtakatifu namna hiyo, hakuna anayehisi kwamba anapaswa kumpokea ndoo.

Nimekuwa nikilinganisha na picha za Orgosolo, kijiji cha wafugaji kilichoko milimani katika kisiwa cha Sardinia nchini Italia, ambako michoro ya ukutani ilianza mwaka 1969 na kuenea kuanzia 1975, pale mwalimu Francesco Del Casino alipoanza kuchora pamoja na wanafunzi wake. Nacho ni kijiji cha Kikatoliki chenye kuta za kawaida za nyumba za watu, na nguvu ya michoro yake ni kwamba watu wake wamo katika shughuli na madai yao, wakiwa na mizigo yao na wakiwa na sababu ya kukasirika. Uso wetu wa dhahabu hauna madai yoyote.

Kasoro ya pili ni majina, na hapa lawama si ya wachoraji peke yao. Katika jengo la wanawake la mtaa wa Mission mjini San Francisco kuna mchoro mkubwa uitwao MaestraPeace, uliochorwa mwaka 1994 na wachoraji wanawake saba, ambao umefumwa ndani yake majina ya wanawake kwa mamia. Nilipendekeza na sisi tuandike majina, na kikundi kikalileta jambo hilo mbele ya mkutano wa akina mama wote, ambako lilikataliwa mara moja kwa hoja kwamba ni majivuno. Nadhani waliuliza mahali pasipofaa. Katika mkutano hakuna mama atakayekuwa wa kwanza kusema kwamba anataka jina lake liandikwe ukutani, hata kama analitaka. Lakini nilipoketi na watatu kati yao, kila mmoja kwa wakati wake, wawili waliniambia kwamba wangefurahi, na mmoja alisema angependa la mama mkwe wake, aliyefagia kanisa hilo kabla yake na ambaye kaburi lake halina hata jiwe. Kikundi kingine kitakachofanya kazi hii kiulize mmoja mmoja, nyumbani, bila haraka.

Kuhusu ufundi wenyewe nina manung'uniko ambayo lazima niyaseme wazi. Ukuta ulipigwa plasta mpya ya saruji siku 12 tu kabla ya kuanza kupaka rangi, ilhali mafundi wengi hushauri isubiriwe siku zipatazo 28 ili ikauke na ukali wa saruji upungue. Sisi tulikuwa tumekwisha kutangaza tarehe ya uzinduzi, na wachoraji hawakuwa na ujasiri wa kutuambia kwamba haiwezekani. Rangi iliyotumika ni akriliki, ambayo huweka utando juu ya ukuta. Unyevu uliobaki ndani ulitafuta njia ya kutokea, ukaleta chumvi nyeupe na malengelenge, na kufikia mwezi wa tano sentimita 40 za chini zilikuwa zimeanza kubanduka. Inaniuma kwamba sehemu iliyoharibika zaidi ni pale maji ya beseni yanapofika kwenye shina la mwaridi.

Kwa ukuta wa nje unaopata unyevu kutoka ardhini, ningeshauri mtu aulizie rangi za silikati, zilizobuniwa na Mjerumani Adolf Wilhelm Keim aliyepata hataza yake mwaka 1878. Hizo hazitandi utando. Hushikamana na plasta kikemia na kuuacha ukuta upumue, ila hazikubali ukuta uliokwisha kupakwa rangi ya plastiki kama akriliki, kwa hiyo uamuzi ni wa mwanzoni. Upande wa rangi zenyewe, nyekundu na kahawia zinazotokana na oksidi ya chuma hazijatetereka hata kidogo, wakati ile waridi iliyokoza ya vilemba imeanza kupauka upande unaopigwa na jua la mchana.

Limebaki jambo moja, na ndilo lililonifanya niandike tathmini hii badala ya kumwambia jirani tu. Wachoraji walikaa nasi siku 11. Kwa siku hizo zote 11, maji ya kuchanganyia rangi na ya kusafishia brashi yalibebwa na akina mama. Chakula kilipikwa na akina mama. Nguo za wachoraji zilifuliwa, ukumbi walimolala ulifagiliwa, na matone ya rangi yalikwanguliwa sakafuni kila jioni na akina mama walewale ambao ukuta ulikuwa unawaenzi. Ngazi ndefu ilishikwa asubuhi nzima na mjane mmoja kwa sababu jukwaa la mbao halikufika mpaka kwenye kona. Mimi ndiye niliyeandika bajeti ya mradi. Ilikuwa na plasta, rangi, mbao, nauli na malipo ya wachoraji, na haikuwa na mstari hata mmoja wa kazi hizo, wala hakuna mtu katika mkutano uliopitisha bajeti aliyeuliza. Mchoro wa kazi zisizoonekana ulijengwa juu ya kazi zisizoonekana, na mimi niliyekuwa na kalamu sikuziona.

Nimezungumza na kiongozi wa wachoraji juu ya hilo kwa uwazi. Alinyamaza kidogo, kisha akasema kwamba katika kazi zao zote za vijijini imekuwa hivyo, na kwamba wamekuwa wakiuita ukarimu. Hakujitetea, na nilimheshimu zaidi kwa hilo. Tumekubaliana naye kwamba mkataba unaofuata utataja maji, mapishi, usafi na uangalizi kama kazi, kwa saa na kwa malipo, na anayetaka kujitolea ajitolee baada ya kuulizwa.

Kwa hiyo, kama parokia yako inaniuliza kama ningewaita tena, jibu langu ni ndiyo, kwa sababu ya ile meza ya jioni ya pili na kwa sababu walikuwa tayari kufuta povu zuri lililokauka kwa neno la mama mmoja. Ningewaita kwa mkataba wa namna hiyo, juu ya plasta iliyokauka kweli, na kwa tarehe ya uzinduzi ambayo haitangazwi mpaka ukuta uwe tayari.

Watarudi mvua zikiisha kukwangua ule ukanda wa chini na kuupaka upya. Wamekubali pia kumrekebisha mwanamke wa katikati: duara la dhahabu litaondolewa, na mikono yake itapewa kitu cha kushika. Ni kitu gani, bado hatujaafikiana. Jumapili iliyopita, baada ya misa, nilikuta meza ya ukumbini imeanza kujaa tena, na mbele kabisa mtu alikuwa ameegemeza ngazi.